Msimu wa Timu ya Mchangani: Ngara na Biharamulo

Msimu wa timu ya soka ya ngazi ya wilaya una mambo matatu yanayoingiliana: mechi za kirafiki, ligi ya wilaya na makombe ya wafadhili. Kwenye makaratasi ligi ndiyo kiini, kwa kuwa ndiyo pekee inayofungua njia ya kupanda daraja. Uwanjani hali ni tofauti. Timu ya kata katika wilaya za Ngara na Biharamulo inaweza kumaliza ligi kwa mechi nne tu, na mwaka huohuo ikacheza mara nyingi kuliko hizo kwa mialiko ya majirani, kwa bonanza na kwa kugombea mbuzi. Vyama vya soka huipa ligi uzito wote na kuyaona hayo mengine kuwa burudani ya pembeni, ilhali hayo ndiyo yanayoifanya timu iwepo mpaka ligi ianze.

Wilaya hizi mbili ziko kusini-magharibi mwa Mkoa wa Kagera. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, ni nchi ya milima na mabonde, na mito Ruvubu na Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo. Biharamulo iko mashariki yake, ardhi yake ni ya chini zaidi na ina misitu mikubwa. Wilaya ya Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo hadi ilipomegwa mwaka 2005, kisha mwaka 2012 ikahamishiwa mkoa mpya wa Geita. Kwa mashabiki mabadiliko hayo ya kiutawala yalikuwa na maana ya moja kwa moja: timu zilizokuwa wapinzani ndani ya wilaya moja zikawa za vyama viwili vya mikoa tofauti, na tangu hapo hukutana kwa mwaliko tu.

Sura ya nchi huamua namna mpira unavyochezwa. Sheria za soka zinataka uwanja wenye urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, na Ngara kupata eneo kubwa hivyo lililo tambarare si kazi ndogo. Viwanja vingi ni vya shule, na baadhi vina mteremko unaoonekana kwa macho. Hapo kura ya sarafu kabla ya mchezo hupata uzito usiojulikana kwenye viwanja vikubwa. Tangu mwaka 2019 sheria inamruhusu nahodha aliyeshinda kura kuchagua goli la kushambulia au kuanza na mpira. Nahodha mwenyeji huwa hahitaji kufikiri. Huchagua kupanda mlima kipindi cha kwanza, wakati miguu bado ina nguvu, ili kipindi cha pili timu yake iteremke. Wageni wasiojua hilo huongoza bao moja hadi mapumziko, wakafungwa matatu baadaye, kisha wakamlaumu kipa.

Maandalizi ya uwanja hufanywa na wachezaji wenyewe asubuhi ya mechi. Mistari huchorwa kwa chokaa, na chokaa ikikosekana kwa majivu, ambayo mvua ya dakika kumi huyafuta yote. Nguzo za goli ni za mikaratusi. Umbali kati yake unatakiwa kuwa mita 7.32 na mwamba wa juu uwe mita 2.44 kutoka ardhini; wengi hupima kwa hatua, kwa hiyo si ajabu goli la upande mmoja likawa pana kuliko la pili. Mpira wenyewe hukaa nyumbani kwa katibu au kwa mwalimu wa timu, pamoja na sindano ya kujazia upepo. Sindano ikipotea, mazoezi huahirishwa.

Kuwa timu ni jambo moja, kuwa klabu ni jambo lingine. Vijana kumi na mmoja wenye jezi wanaweza kucheza popote wanapoalikwa, lakini kuingia ligi kunahitaji usajili. Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na chini yake vyama na vilabu vya michezo husajiliwa na msajili baada ya kuwasilisha katiba, majina ya viongozi na orodha ya wanachama. Maombi huanzia kwa afisa wa michezo wa halmashauri. Baada ya hapo klabu hujiunga na chama cha soka cha wilaya, ambacho ni mwanachama wa chama cha mkoa, na chama cha mkoa kiko chini ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, TFF, lililochukua nafasi ya FAT mwaka 2004. Katiba za vilabu vya vijijini hufanana mno, kwa kuwa hunakiliwa kutoka moja kwenda nyingine, na wakati mwingine jina la klabu ya zamani husahaulika katikati ya kifungu fulani. Watu huisoma katiba hiyo siku ya ugomvi.

Uongozi kwa kawaida ni mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwalimu. Mwenyekiti hupatikana kwa sifa moja kubwa: ana duka, ana pikipiki za biashara, ananunua mazao au ni mtumishi mwenye mshahara. Michango ya wanachama hukusanywa kwa shida, kwa hiyo jezi, mpira na nauli hutoka mfukoni mwake au kwa watu anaowajua. Akichoka au akihamishwa kikazi, timu inaweza kufa msimu huohuo. Udhaifu huu unajulikana na kila mtu, lakini hakuna aliyepata dawa yake, maana klabu isiyo na mwenyekiti wa namna hiyo haifiki hata kwenye mechi ya kwanza.

Kalenda haipangwi na chama peke yake. Kagera hupata mvua mara mbili kwa mwaka: za vuli kuanzia Septemba hadi Desemba, na za masika kuanzia Februari au Machi hadi Mei. Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho msimu halisi wa mpira. Barabara za vijijini zinapitika, uwanja ni mkavu, na mavuno ya maharage na mahindi yameweka fedha kidogo mikononi mwa watu. Kwenye kahawa nako mavuno yameanza. Kijana aliyekuwa shambani toka alfajiri hadi jioni mwezi Machi sasa ana saa mbili za mazoezi, na mzazi wake hana sababu kubwa ya kumkemea. Wakati wa vuli mambo hugeuka, na timu inayopanga mazoezi ya kila siku mwezi Oktoba, watu wakiwa wanapanda, hupata wachezaji watano.

Shule nazo zina kalenda yake. Mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hufikia kilele chake katikati ya mwaka, kuanzia ngazi ya shule na kata, kupitia wilaya na mkoa hadi taifa. Kwa wiki kadhaa wachezaji bora wenye umri wa sekondari huwa kambini na timu za shule, na walimu ambao ndio waamuzi na makocha wa mitaani huwa nao huko. Ligi ya wilaya ikipangwa wakati huo hupwaya. Kwa upande mwingine, mashindano hayo huleta wachezaji wapya: winga wa shule ya kata aliyeonekana ngazi ya wilaya hufuatwa na viongozi wa timu mbili au tatu kabla hajarudi nyumbani.

Msimu hufunguliwa kwa mechi za kirafiki. Utaratibu wake ni wa zamani na una adabu zake. Katibu wa timu mwalikwa hupokea barua yenye muhuri, siku hizi mara nyingi picha ya barua hiyo kwenye simu, ikitaja siku, saa na uwanja. Mwenyeji hubeba chakula au angalau soda baada ya mchezo. Mgeni hujilipia usafiri, isipokuwa wamekubaliana vingine. Deni la kirafiki hulipwa: aliyealikwa leo lazima aalike wiki chache baadaye, na timu yenye tabia ya kula wali wa watu bila kurudisha hukosa mialiko mwaka unaofuata. Mwamuzi hutolewa na mwenyeji, jambo linaloeleza kwa nini mechi nyingi za aina hii huisha kwa sare au kwa ushindi mwembamba wa nyumbani.

Mechi ya kirafiki ina kazi tatu. Kwanza, mwalimu hujaribu wachezaji: kijana aliyerudi kutoka machimboni, kipa mpya, beki aliyehamishwa namba. Pili, timu hujitangaza. Wakati wa gulio, watu wa vijiji vya jirani wamekusanyika tayari, na mechi ya saa kumi jioni hupata watazamaji bila gharama. Kazi ya tatu haiandikwi popote: watu huoneana, wafanyabiashara hufahamiana, na wazee wa vijiji viwili vyenye mvutano wa mipaka au malisho hukaa benchi moja kwa dakika tisini. Haidumu kila mara. Ila hakuna shughuli nyingine ya kijijini inayokusanya vijana wa sehemu mbili kwa hiari kama hii, ukiacha ibada na misiba.

Ngara ina jambo ambalo wilaya nyingi hazina: jirani wa ng'ambo. Rusumo ni lango la kuingia Rwanda, na Kabanga ni njia ya Burundi kupitia Kobero. Kihangaza, lugha ya Ngara, kiko karibu na Kirundi kiasi kwamba kelele za mashabiki hazihitaji mkalimani. Hata hivyo, mchezo kati ya klabu za nchi mbili, hata ukiwa wa kirafiki, kwa kanuni za FIFA unahitaji idhini ya mashirikisho husika, na kuvuka mpaka kunahitaji hati za kusafiria na taarifa kwa uhamiaji. Mpaka huu una kumbukumbu nzito pia. Mwishoni mwa Aprili 1994 takribani watu 250,000 kutoka Rwanda waliingia Ngara kupitia Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi, na Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa za wakimbizi duniani. Mkusanyiko wowote mkubwa karibu na daraja la Rusumo ni suala la usalama kabla haujawa suala la michezo, na katibu mwenye busara humtaarifu mkuu wa wilaya mapema.

Ligi ya wilaya hufuata. Katika mpangilio wa nchi ndiyo ngazi ya chini kabisa, maarufu kama daraja la nne. Ya mkoa ni daraja la tatu. Mfumo wake hutegemea hesabu ya fedha kuliko hesabu ya soka. Ligi kamili ya nyumbani na ugenini, mtindo uliotumiwa na vilabu 12 vya Uingereza vilipoanzisha ligi ya kwanza duniani mwaka 1888, ni ghali mno. Timu kumi zikikutana mara mbilimbili zinacheza mechi 90. Zikikutana mara moja ni 45. Kila mechi inahitaji waamuzi, usafiri na posho. Zikigawanywa katika makundi mawili ya timu tano, kila kundi lina mechi kumi, halafu nusu fainali mbili na fainali: jumla ni 23. Ndiyo maana makundi hupendwa na chama, na ndiyo maana timu isiyovuka kundi lake huwa imecheza mara nne na kwenda zake.

Kundi la timu tano lina kasoro nyingine isiyozungumzwa sana. Kwa kuwa idadi si shufwa, kila raundi timu moja hupumzika. Raundi ya mwisho inapofika, iliyopumzika imeshamaliza mechi zake na hutazama wengine wakiamua hatima yake. Mashindano makubwa yalijifunza hatari hiyo kwa aibu. Kwenye Kombe la Dunia la 1982 Ujerumani Magharibi na Austria zilicheza zikijua matokeo yanayozifaa zote mbili, na Algeria, iliyokuwa imecheza siku moja kabla, ikatolewa. Tangu 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Wilayani hilo haliwezekani ikiwa ligi nzima inatumia uwanja mmoja, na kwa kundi la watano halitoshi hata kama viwanja vipo viwili. Makundi ya timu nne yangekuwa salama zaidi, lakini yangeipa kila timu mechi tatu tu. Kati ya mechi chache na mechi za mashaka, vyama hulazimika kuchagua.

Ushindi una pointi tatu, sare moja. Timu zikilingana, kanuni za mashindano hueleza kitakachotangulia, tofauti ya mabao au matokeo ya timu hizo zilipokutana, na hapo ndipo katibu aliyesoma kanuni kabla ya msimu humzidi mwenzake. Magomvi mengi hayahusu mabao bali watu. Mchezaji asiyesajiliwa, au aliyesajiliwa timu mbili, huitwa mamluki, na timu ikithibitika kumtumia hupoteza mchezo mezani: mpinzani hupewa pointi tatu na mabao matatu. Rufaa huandikwa ndani ya muda uliowekwa na hulipiwa ada. Chama husikiliza pande zote, hukagua fomu ya mchezo na picha za leseni, na hutoa uamuzi ambao upande mmoja lazima utauona wa upendeleo. Biharamulo na Ngara zina vijana wengi wanaohamahama kufuata kazi, kwa hiyo swali la nani ni wa timu gani haliishi. Mgodi wa Tulawaka, uliochimbwa tangu 2005 na kuchukuliwa na Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, mwaka 2013, uko Biharamulo, na machimbo madogo ya dhahabu huvuta watu kutoka kila upande. Mchezaji aliyeanza msimu kama mkulima anaweza kuumaliza kama mchimbaji wa wilaya nyingine.

Halafu yapo makombe. Mbunge, diwani, mfanyabiashara, kampuni ya simu au taasisi inayotaka kueneza ujumbe wa afya hutoa zawadi, na mashindano huzaliwa. Kombe la jimbo huanzia ngazi ya kijiji au kata na kumalizikia makao makuu ya wilaya. Zawadi za kawaida ni ng'ombe dume kwa bingwa, mbuzi kwa wa pili, na seti za jezi na mipira kwa wanaofuata. Ng'ombe huletwa uwanjani siku ya fainali na kufungwa karibu na jukwaa, ambako kila mpita njia humkadiria uzito, na wachezaji wanaopasha misuli moto humtazama kwa jicho ambalo kikombe cha bati hakijapata kutazamwa. Mashindano ya mtindo huu, ndondo kwa lugha ya mitaani, yalipata umaarufu mkubwa zaidi baada ya kuonekana Dar es Salaam kwa jina la Ndondo Cup, lakini vijijini yalikuwepo zamani.

Mengi huchezwa kwa mtoano, ambao ni rahisi kuendesha: timu 16 zinahitaji mechi 15 tu kumpata bingwa. Ubaya wake ni kwamba nusu ya timu hucheza mara moja na kuaga. Kanuni za usajili nazo hulegea, na timu yenye fedha huazima nyota wa mjini kwa siku moja. Makocha hulalamika kwamba ndondo huumiza wachezaji kabla ya ligi, na wana haki. Lakini wakiulizwa jezi wanazovalia kwenye ligi zilitoka wapi, jibu huwa ni huko huko kwenye ndondo. Mwaka wa uchaguzi mkuu makombe huongezeka kuliko miaka mingine, halafu mwaka unaofuata uwanja huwa kimya kidogo. Timu zenye akili huvuna mapema na kutunza.

Bonanza ni jambo jingine tena. Huchukua siku moja, aghalabu ya sherehe kama Nane Nane au ya mapokezi ya Mwenge wa Uhuru, na hukusanya watu wa rika zote. Mechi ni fupi, labda dakika 15 au 20 kwa kila kipindi. Maveterani hucheza dhidi ya watumishi wa halmashauri, na mchezaji aliyetoka huruhusiwa kurudi. Sheria za soka zenyewe zinakubali jambo hilo kwa soka la maveterani na la ngazi ya chini. Pembeni kuna netiboli, ambayo kwa wanawake wengi wa vijijini ndiyo nafasi pekee ya kuonekana uwanjani, kwa kuwa timu za soka za wanawake ni chache. Kuna kuvuta kamba, mbio za magunia, kufukuza kuku, na chini ya mti wazee wa bao ambao hawaoni kwa nini watu wakimbie juani. Hakuna pointi zinazohesabiwa, na mshindi wa jumla hutangazwa na mshereheshaji kwa vigezo anavyovijua yeye.

Bingwa wa wilaya huwakilisha wilaya yake kwenye ligi ya mkoa, na hapo gharama hupanda ghafla. Ligi ya mkoa mara nyingi huchezwa kituo kimoja, na kutoka Ngara hadi Bukoba ni safari ya siku nzima kwa gari la kukodi. Barabara ya Rusumo hadi Lusahunga peke yake ni kilomita 92, na hapo mtu ndiyo kwanza ameingia Biharamulo. Timu hulala kwenye madarasa ya shule, hujipikia, na mara nyingine hupunguza kikosi ili watu watoshe kwenye gari. Timu za Bukoba hulala kwao. Tofauti hiyo haionekani kwenye msimamo wa ligi, ila inaeleza sehemu ya msimamo huo.

Bingwa wa mkoa huenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha juu yake kuna First League, Championship na Ligi Kuu yenye timu 16. Kwa mkoa huu mfano ulio karibu ni Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Missenyi inayotumia uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba. Ilidumu Ligi Kuu kwa miaka mingi kabla ya kushuka mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Nyuma yake kulikuwa na mwajiri mkubwa, kitu ambacho timu ya kata haina. Kwa sababu hiyo ngazi hizo zote, kwa Ngara na Biharamulo, huwa njia ya mchezaji mmojammoja kuliko ya klabu: kijana huonekana kwenye ligi ya mkoa, huchukuliwa na timu ya Bukoba, Mwanza au Geita, na klabu yake hubaki ilipokuwa.

Mvua za vuli zinapoanza msimu huwa umekwisha, hata kama chama bado kina mechi moja ya kiporo. Klabu zenye utaratibu huitisha mkutano mkuu wa mwaka, mweka hazina husoma mapato na matumizi, na jezi huhesabiwa. Kwa kawaida hupungua mbili au tatu, na mmoja wa waliozichukua huwa amekaa palepale mkutanoni. Mchezaji anayetaka kuhama huomba barua ya kuruhusiwa. Viongozi wakikataa, shauri hupelekwa chama cha wilaya, nalo lisipomalizwa kabla ya dirisha la usajili kufunguliwa tena, mchezaji hucheza mechi za kirafiki tu hadi litakapoamuliwa.